Mgeni Kooni mwa Mume Wangu

Mume wangu, Orrin Stadler, aliandika maisha ya watu wa sinema, wale wa enzi ambazo nyuma ya studio za Hollywood bado kulikuwa na mashamba ya michungwa. Mwenyewe hakuwa mtu wa sinema. Baba yake alikuwa fundi bomba hapa Glendale. Mchana Orrin alisahihisha prufu za gazeti, kurasa zinazokaguliwa kabla ya kuchapwa, jioni akaandika habari za waigizaji na waongozaji waliokwisha kusahaulika. Macho yake yalikuwa mabovu, hakupewa leseni, na katika mji huu asiyeendesha gari ni mfungwa. Basi mimi ndiye niliyempeleka kwa wazee wake. Nilikaa pembeni na kinasa sauti mapajani, na tukirudi nyumbani nikayapiga taipu yote waliyosema.

Wazee walimpenda kwa sababu alijua kusikiliza. Alisikiliza kwa mwili mzima, kiasi kwamba mtu aliyekuwa akimwandika alianza kuingia ndani yake. Alipoandika maisha ya mchekeshaji mmoja, alitembea mwaka mzima vidole vya miguu vikitazama nje. Alipomwandika mwigizaji wa sinema za farasi, akawa ananiita "bibie" na kugusa ukingo wa kofia ambayo hakuivaa. Nilikuwa nikimuuliza asubuhi, "Leo nimeamka na nani?" Naye alinijibu, "Vumilia tu, mke wangu, zimebaki sura mbili, ataondoka." Na kweli, kitabu kikiisha, mgeni aliondoka.

Kisha, mwaka 1971, akaja Harlan Quade.

Quade alikuwa mwongozaji, na alikuwa amekufa siku nyingi. Waliofanya naye kazi walisema hakuwahi kupaza sauti hata mara moja. Alisema chini chini, polepole, hata ulazimike kumsogelea ili umsikie, na ukishamsogelea umekwisha. Alikuwa na desturi ya kurekodi maagizo yake kwenye santuri, na mpwa wake alituazima kasha zima. Orrin aliziweka gerejini karibu na mashine ya kufulia, akawa anazisikiliza kila atokapo kazini. Mimi nilikunja shuka huku marehemu yule akieleza jinsi mwanamke anavyopaswa kuvua glovu.

Kulikuwa na neno moja alilolirudia katika kila santuri, neno la kuwaambia waigizaji waanze upya: "Tena, mpenzi. Safari hii bila kunidanganya." Alilisema kwa upole sana. Nadhani upole ule ndio uliokuwa mbaya.

Dada yake Orrin, Fern, alipiga simu kutoka Fresno siku moja. Niliposhika mkono wa simu akaniambia, "Mwambie huyo bwana aliyepokea kwamba sikupenda namna yake ya kuongea. Na kaka yangu yuko wapi?" Nilicheka. Aliyepokea alikuwa kaka yake.

Nikaacha kucheka siku ya kahawa. Nilimpelekea kahawa mezani kama kawaida, naye bila kuinua macho akasema, chini kabisa, "Toka uingie tena. Usinitazame mpaka ufike." Nikadhani anatania. Nikatoka, nikaingia na madaha yote, tukacheka. Baada ya juma moja akasema tena vilevile, na safari hii nilijikuta nimesimama ukumbini na kikombe mkononi, nimekwisha kutoka, nikingoja kuambiwa niingie. Hapo niliogopa. Sikuogopa kwa sababu aliniamuru. Niliogopa kwa sababu nilitii.

Nilimwambia aache. Nilimwambia kitabu hiki kina mtu ndani yake. Alinishika mkono, akaahidi kwamba akishampata Opal Stubbs atamaliza, na Quade atakwenda zake kama wengine.

Opal Stubbs ndiye aliyekuwa Yvonne Delmar kwenye mabango, jina alilopewa na studio. Alitoka Missouri akiwa na miaka kumi na tisa, Quade akamchukua kwa filamu moja. Mle ndani kuna pahali ambapo binti anafungua mlango na kumkuta baba yake, ambaye wote walidhani amekufa vitani. Watu waliouona uso ule hawakuusahau. Baada ya filamu hiyo Opal hakuigiza tena maishani mwake, na hakumwambia mtu kwa nini. Waandishi wengi walimwendea, akawapa chai na kuwarudisha walikotoka. Sasa alikuwa mzee, anaishi katika makao ya watu wa sinema kule bondeni, na kwa barua ya Orrin alikubali kutuona.

Tulikwenda alasiri ya Jumamosi. Alikuwa mwanamke mdogo, mchangamfu, amepaka rangi ya mdomo kwa ajili yetu. Alitupa peremende. Alitueleza kuhusu nguo, kuhusu mwigizaji mwenzake aliyekula vitunguu makusudi kabla ya kumbusu. Kila Orrin alipomgusia mlango ule, alicheka na kukimbilia kwingine.

"Ah, kijana wangu, ilikuwa kazi tu. Mlango ni mlango."

Nilimwona Orrin akiegemea nyuma. Mabega yake yakatulia. Akasema, taratibu kabisa, "Tena, mpenzi. Safari hii bila kunidanganya."

Opal aliweka kikombe chini. Damu ilimwisha usoni, ikabaki rangi ya mdomo peke yake. Akainuka bila mkongojo wake, akavuka chumba hadi mlangoni, akashika kitasa. Akavuta pumzi. Akafungua.

Nje palikuwa na ukumbi mtupu na kigari cha vyombo. Lakini uso wake uliona mtu. Nimekaa na waigizaji maisha yangu yote na sijaona uso kama ule, furaha iliyoumia, na juu ya miaka yote ile ya uzee alikuwepo msichana. Akasema, "Baba, umekawia."

Halafu akageuka. Hakumtazama Orrin. Alitazama juu kidogo ya kichwa chake, pale ambapo kamera ingekuwa, akauliza, "Ilikuwa sawa, Bwana Quade?"

Mume wangu akamjibu, "Tena."

Naye akaufunga mlango ili aufungue tena. Nilimwita Orrin kwa jina, hakunisikia. Nilimwita Opal, naye hakunisikia. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa. Nilisimama nikasema neno pekee nililojua kwamba wote wawili watalisikia, neno la mwongozaji la kusimamisha kamera.

"Kata."

Bibi yule akalegea pale pale. Nilimdaka, nikamketisha kitandani, nikampa maji. Orrin nilimwambia akatungoje nje, akaenda kama mtu anayetembea ndani ya maji.

Tulipobaki wawili Opal alinishika kidole. Hakukitazama kinasa sauti, na mimi nilikwisha kukizima. Aliniambia baba yake halisi aliondoka nyumbani alipokuwa na miaka sita, akaenda kununua misumari, hakurudi. Quade alilijua hilo.

"Kila mara kabla sijaufungua mlango ule mbele ya kamera, alinijia sikioni," alisema. "Aliniapia wamempata baba. Wamemleta. Yuko nyuma ya mlango, safari hii ni yeye kweli. Siku nzima, binti yangu. Asubuhi mpaka jua linatua."

"Na ulijua anakudanganya."

"Kila mara nilimwamini," alisema. "Mpaka leo sifungui mlango mwenyewe. Nawaachia wauguzi."

Kisha akaniomba nisiliandike hilo popote maadamu yeye yu hai, na nikamwahidi.

Niliendesha gari mpaka barabara ya Ventura Boulevard. Ndipo ile sauti ya chini ikasema kando yangu, kwa furaha, "Umeuona uso ule?"

Nilisimamisha gari mbele ya duka la vitanda. Nikamuuliza, "Nani anayeuliza?"

Alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa. "Sijui," alisema. Akaanza kulia, na hata kilio kilikuwa cha chini chini.

Siku iliyofuata nilizirudisha santuri kwa mpwa wa Quade. Kitabu kilikuwa kimeahidiwa kwa mchapishaji, hivyo Orrin alikimaliza, lakini mlango ule aliupitia kwa mistari miwili tu. Mhakiki mmoja wa gazeti aliandika kwamba mwandishi hakujishughulisha kujua kwa nini Yvonne Delmar aliacha sinema. Orrin alikata habari ile, akaibandika juu ya meza yake, na hakumjibu.

Opal niliendelea kumtembelea Jumapili, mpaka alipokufa. Orrin alibaki garini na gazeti lake, asije akasikika.

Kitabu kiliisha, na Quade hakuondoka. Hakutoa amri tena, hilo namshukuru Mungu, lakini sauti ilibaki ileile. Orrin akawa anaongea kidogo tu, dukani ananyoosha kidole. Siku moja alivuta chini ya kitanda maboksi yenye tepu za mahojiano ya miaka ya nyuma. Alitaka kuisikia sauti yake ya zamani, aifuate, kama mtu anavyojifunza lugha. Tuliketi sakafuni tukasikiliza. Kwa yule mchekeshaji, Orrin aliongea harakaharaka akimeza maneno, kama mchekeshaji. Kwa mjane mmoja wa Pasadena aliongea kwa maringo, kama mjane. Tulibadilisha tepu moja baada ya nyingine.

"Lorene," akaniambia, "mimi niko wapi humu?"

"Uko hapa," nikasema.

"Hapa wapi?"

Nilijaribu kukumbuka alivyosema aliponichumbia, na nikakumbuka wakati ule alikuwa akisoma habari za mwigizaji mmoja wa sinema za mapenzi.

Hakuandika maisha ya mtu mwingine. Alisahihisha prufu za gazeti hadi kustaafu, akapanda nyanya, na alikuwa mwema kwangu. Moyo wake ulichoka majira ya kuchipua ya mwaka 1984. Hospitalini, adhuhuri moja, alifumbua macho akaniomba nimwinulie mto. Nilisogea ili nisikie, lakini haikuhitajika kusogea. Ilikuwa sauti ya kawaida, nyembamba kidogo, yenye kukwaruza, na sikuwa nimewahi kuisikia. Nilimwinulia mto, nikamwomba aseme kitu kingine, chochote.

Alitabasamu. Alikuwa amechoka, akalala, asiamke tena.

Nimeisikia mara moja tu. Nataka kuamini ilikuwa yake.