Baba Aliyefariki Jadida Akabaki Hai Wingwi

Tuliokuwapo siku ile katika ofisi ya jumuiya ya mayatima ni hawa: karani, nyuma ya kompyuta yake; Shehe, mwenyekiti wa jumuiya, na tasbihi mkononi; mama wa nyumba ya Jadida, mke mdogo wa marehemu baba yangu; mdogo wangu wa kiume anayenifuata, aliyeutengeneza mfumo wa kompyuta wa jumuiya hiyo; kitinda mimba wetu, amevaa buibui la kuazima; na mimi, mkubwa wao. Nawataja wote kwa sababu baadaye kila mmoja aliisimulia siku ile kama kwamba yeye hakuwamo.

Kitinda mimba alikuwa amefaulu. Skuli ilimpa nafasi ya dakhalia, alale huko huko, na jumuiya ndiyo inayowadhamini mayatima. Majina yalitakiwa kufika skuli kabla ya adhuhuri siku ile ile. Bila dakhalia angebaki Wingwi, na mimi najua msichana aliyebaki huwa nani. Niliacha skuli mama yetu alipofariki, nikashika jembe, nikachuma karafuu za watu kwa ujira wa kila pishi ili wadogo zangu wasome. Sikuwa tayari kumwona wa mwisho akifuata nyayo zangu.

Karani alitazama kioo, kisha akanitazama mimi.

"Bi, huyu mtoto si yatima. Baba yake yu hai."

"Yu hai wapi?"

"Wingwi."

"Wingwi nimetoka leo asubuhi. Ningemkuta ningemwambia aje mwenyewe."

Shehe akakohoa. Karani hakucheka, akakigeuza kioo nikione. Jina la baba yangu lilikuwa pale, na mbele yake: yu hai.

Baba alikuwa na nyumba mbili, kama wanaume wengi wa kwetu. Moja yetu, Wingwi, na nyingine ya mama mdogo, Jadida. Waandikishaji wa jumuiya walipopita, baba akiwa hai bado, waliandika nyumba kwa nyumba, kila nyumba mstari wake: jina la baba, yu hai au amefariki, jina la mama, mtoto wa kwanza, wa pili, mpaka mwisho. Kwa hivyo baba akaandikwa mara mbili. Alifia Jadida, cheti cha kifo kikapelekwa na watu wa Jadida, mstari wa Jadida ukarekebishwa. Wetu haukuguswa. Ndugu zetu wa Jadida wakawa mayatima, wakapewa sare na vitabu. Sisi, damu ya mtu yule yule, tukaambiwa tuna baba.

Mama wa Jadida alikuja na cheti kile kile, amekizungushia leso. Alipoelezwa, akamgeukia karani.

"Mwanangu, hebu n'ambie. Mie eda nimemkalia mume gani? Yule wa Jadida peke yake?"

"Bi, mie nasoma kilichoandikwa."

"Basi andika."

Karani akaiingiza namba ya cheti kwenye mstari wetu. Kompyuta ikakataa. Akarudia, ikakataa. Namba hii imeshatumika.

Hapo mdogo wangu akasema taratibu: "Ni kinga ile, dada. Niliiweka ili mtu asichukue cheti kimoja akaandikishia mayatima wa uongo."

Nilimgeukia.

"Kwa hivyo ulizuia kifo kisiandikwe mara mbili, ukaacha mtu aandikwe mara mbili?"

"Walikuwa na haraka. Walitaka jedwali moja tu, walifungue waone kila kitu."

"Weye ulishuka kaburini! Ulimpokea kwa mikono yako! Leo unatengeneza kitu kinachomwambia mdogo wako kwamba baba yuko nyumbani!"

"Binti yangu, tuvute subira," Shehe akasema.

"Shehe, subira nimeivuta mpaka imenichuna viganja. Adhuhuri yaja."

Nadhani kilichomgusa Shehe ni sauti yangu, au ni kitinda mimba aliyeanza kulia bila sauti, akijifuta kwa buibui ambalo si lake. Shehe aliweka tasbihi chini, akaandika barua ya udhamini kwa mkono, akagonga muhuri, akamtuma karani skuli kwa pikipiki. Kitinda mimba akapata nafasi. Watu wakasema alhamdulillahi, wakataka kwenda zao.

Mimi sikwenda. Nilimkalisha mdogo wangu barazani pale pale, nikamwambia anieleze mfumo ulivyopasa kuwa.

"Kila mtu aandikwe mara moja tu," akasema, "apewe namba yake. Kufa kwake kukae hapo, pamoja na yeye, si pamoja na nyumba. Nyumba nazo ziwe na jedwali lao. Halafu jedwali la tatu, kazi yake kuunganisha tu: mtu huyu, katika nyumba hii, ni baba, au mama, au mtoto. Mtu akifa unabadilisha pahala pamoja tu, nyumba zake zote zinajua."

"Hili umelijua leo?"

Akainamisha kichwa. "Tulifundishwa mwanzo kabisa."

Laiti angesema hakujua, ningemsamehe. Nilichuma karafuu za watu ili afundishwe, naye alipofika kwenye kazi akaacha alichofundishwa kwa sababu watu walikuwa na haraka.

Akauanza mfumo upya. Alipomweka kila mtu mara moja, wanaume wa nyumba mbili wakaonekana wazi, na nyuma yao watoto waliokwisha kurudishwa nyumbani kama sisi. Shehe akasema watakaokuja watapokelewa. Nikamwambia hawatakuja, kwani nani atarudi kubishana na kompyuta? Waendewe. Mdogo wangu akaenda nyumba moja baada ya nyingine, na kisiwani Fundo nikamfuata, nisije nikaambiwa hakufika kwa kuwa bahari ilichafuka.

Fundo tulimkuta mama mmoja anaanika dagaa. Mdogo wangu akamwamkia, akajieleza, akaomba radhi. Mama yule hakuacha kazi yake.

"Ndo nyie mliomfufua mume wangu? Nilimngoja sana aje anisaidie hawa dagaa."

Nikamuuliza binti yake yuko wapi, nikamwambia nafasi yake ipo.

"Keshakwenda Unguja, analea watoto wa watu. Aliporudishwa nilimwambia ni amri ya Mungu. Sasa nendeni nyie mkamwambie ilikuwa amri ya nani."

Mdogo wangu aliahidi mbele yake kwamba atafunga safari ya Unguja, amwambie msichana yule kwa kinywa chake, na akikubali amrudishe skuli.

Kitinda mimba hurudi likizo kutoka dakhalia, amenenepa, na buibui sasa ni lake. Kila akija, tunakaa kula sote, nami humuuliza mdogo wangu mbele ya sinia: "Umekwenda Unguja?" Hujibu kwamba yumo katika kujitayarisha, kwamba kazi zimembana, kwamba msichana yule amekwisha kuandikwa sawasawa, mara moja, yatima.

Kuandikwa kaandikwa. Watoto wa watu bado anawalea.