Hataza Kabla ya Hotuba

Maabarani walimwita Mama Friji, maana miaka kumi na tisa alikuwa akigombana na majokofu. Umeme ukikatika, dawa za kupimia damu huharibika na wagonjwa hurudishwa nyumbani bila majibu. Wasomi walisubiri jenereta. Yeye, mwenye cheti tu, alihangaika na vikaratasi na sukari ya dukani, akaichanganya dawa na sukari hiyo, akaikausha juu ya vikaratasi hadi ikakaa miezi minane mezani bila kuharibika. Mwenye nia hakosi njia, na huyu alikuwa na nia ya kukera.

Mkuu wa maabara, daktari mwema asiye na breki ya ulimi, alifurahi kuliko yeye mwenyewe. Akamwandikisha kwenye mkutano wa wataalamu, Ijumaa saa nane, aeleze kila hatua. Kwa watu wa maabara heshima ni hiyo: ukigundua, tangaza.

Lakini dada yake Mama Friji, karani wa mwanasheria, alikwisha kumwonya. Ukiusema ugunduzi hadharani kabla ya kuuombea hataza, ile kinga ya kisheria ya mgunduzi, umeugawa bure. Wakaandika ombi pamoja, kwa jina la Mama Friji na la maabara. Ilibaki sahihi ya mkuu, naye alikuwa safarini hadi Ijumaa yenyewe.

Asubuhi hiyo Mama Friji akamwekea karatasi mezani, akasema bila sahihi hapandi jukwaani. Mkuu akanuna. Sayansi haifichwi, alisema, na wagonjwa je?

"Daktari, hao ndio ninaowafikiria. Tukiugawa bure, mwenye kiwanda ndiye atakayepanga bei, na sisi tutasimama dirishani kama wateja."

Mkuu akatia sahihi, akachukua funguo za gari, akampeleka mwenyewe. Muhuri wa ofisi ya hataza uligongwa saa saba na dakika ishirini. Saa nane Mama Friji alipanda jukwaani, akasema yote, hata sukari. Ukumbi mzima ukasimama, na raha aliyoisikia haina kipimo.

Mwakilishi wa kampuni kubwa ya dawa akamwendea mkuu, akauliza masharti ya kutengeneza vikaratasi vile. Mkuu akasogea pembeni.

"Muulize mama."

Mama Friji alikuwa na sharti lake tayari.

"Tengenezeni, uzeni popote mnapotaka. Ila bei ya zahanati naipanga mimi."

Yule bwana akatoa kalamu, akaandika.