Suruali ya Kufuatisha

Wanaume wa mtaa wa Naviundu hawakubali tena kupimwa na Anaclet. Nguo wanamletea, maana kushona anajua, hilo habishi mtu. Lakini kila mmoja anakuja na suruali kuukuu, anaitupa mezani: "Fundi, ufatishe hii." Metre, ule utepe wa kupimia, inabaki shingoni mwake, haina kazi.

Mambo yalianzia kwenye televisheni. Mteja wake mmoja, Dieumerci, alikuwa anaanzisha kipindi kwenye kituo kidogo cha hapa Lubumbashi. Msichana aitwaye Tracy angechagua mchumba kati ya vijana watano. Vijana wangechota kadi bila kuona. Atakayechota nyeusi ajifanye anapenda wanaume wenzake kwa siri, na Tracy akisie ni nani, amkwepe. Siku ya mwisho kadi zifunuliwe, watu wacheke, warudi makwao.

"Ni muchezo tu, fundi," Dieumerci alimwambia, akimwomba awe mmoja wa wale watano. "Ata kadi ikikuangukia, nani ataamini?"

Nani ataamini! Hilo ndilo lililomvuta, jamani. Miaka yote hiyo alibeba neno moja kifuani, na sasa anaambiwa kuna mahali anaweza kulitoa, likachekwa tu, likaisha. Akaenda. Kadi nyeusi ikamwangukia.

Kipindi cha pili, mwenye kadi aliketi nyuma ya pazia asimulie mapenzi yake. Mwingine angebuni. Anaclet alikumbuka tu. Alieleza habari za mtu aliyehamia Kolwezi bila kuaga, sauti ikashuka, halafu likamtoka: "Siku ya kumupima mabega, mikono ilitetemeka. Nilimupima mara mbili."

Nilimupima! Na kati ya wale watano, nani mwingine alikuwa fundi wa nguo? Naviundu ilicheka kwanza. Kisha ikaacha kucheka.

Kipindi cha tatu hakikuonekana. Watu walilalamika, wakubwa fulani wakapiga simu, na saa ile ile ya kipindi kituo kikaweka kwaya. Kwa hiyo kadi hazikufunuliwa, na hakuna aliyetokea kusema ilikuwa bahati ya kuchota. Wale vijana wengine wanne wanapita barabarani wakisema, "Ah, tulikuwa tunacheza," nao wanaaminiwa. Dieumerci hashiki simu.

Sasa Précieux, mdogo wake Anaclet, anaoa. Tangu utotoni ilijulikana kwamba kostimu, suti yake ya ndoa, itashonwa na kaka yake. Mama yao, Clotilde, akaleta kitambaa cha bluu, akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Mutoto wangu, sema ilikuwa muchezo."

"Ilikuwa muchezo, mama. Kadi iliniangukia."

"Sasa sema uku unaniangalia."

Anaclet akainama kutafuta pini kwenye kikopo. Kikopo kilikuwa kimejaa pini, lakini aliendelea kutafuta.

"Basi," mama akasema polepole. "Basi. Précieux nitamutuma. Ule ni damu yako, atakuya, utamupima."

Kweli Précieux akaja, na mizaha yake tangu mlangoni. "Yaya!" akamwita kaka yake. "Unishone muzuri, wazazi wa bukwe wasiseme banapatia binti yao muchunga mbuzi!"

Anaclet akacheka, akasikia jinsi kicheko chenyewe kilivyomtoka kigeni. Akavua metre shingoni, akaikunjua, akamsogelea ampime mabega.

Précieux akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mlango.

Wakatazamana. Kisha mdogo akafungua mfuko wa plastiki, akatoa koti na suruali. "Niko na haraka, yaya. Ufatishe hizi."

Anaclet aliitambua suruali. Alimshonea mwenyewe, siku alipomaliza shule.

"Hii ni ya zamani, Précieux. Umenenepa."

"Ufatishe tu."

"Itakubana siku ya ndoa yako. Mbele ya bantu."

Précieux akaangalia cherehani, akaangalia sakafu. "Itanibana, yaya. Ni siku moja."

Akatoka. Anaclet akatandika suruali mezani, akainyoosha magotini kwa kiganja kama vile mna mtu ndani. Akapima kiuno. Akapima tena. Halafu akaongeza upana wa vidole viwili kwa kukisia tu, akichungulia kupitia mlango mgongo wa mdogo wake ukienda zake.