Bibi, Ugoro na Mume Wake Mchanga

Majuzi nilikuwa Shelui nikisubiri basi la kwenda Singida mjini. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja wa kanzu iliyopauka, akatoa kikopo mfukoni, akagongagonga kifuniko kwa ukucha, akafungua. Harufu ilinifikia kabla hata hajachota: tumbaku iliyosagwa laini ikachanganywa na magadi, harufu kavu na kali, inayoingia puani na kwenda kusimama katikati ya paji la uso. Nilipiga chafya mfululizo mpaka mama mmoja muuza vitunguu akacheka, akanipa pole. Alidhani machozi yaliyonitoka ni ya chafya. Nikamwacha adhani hivyo, maana ningeanzia wapi kumweleza habari za bibi yangu pale stendi? Nyinyi nitawaeleza.

Bibi mzaa baba alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, mwenye viganja vikubwa kuliko mwili wake. Tulikaa naye katika kijiji kipya cha ujamaa upande wa Sepuka, miaka ile watu walipotoka kwenye maboma yao yaliyotawanyika wakaja kujenga kwa mistari. Kila asubuhi kilisikika kipande cha reli kikigongwa karibu na ofisi ya kijiji, na watu wazima wakabeba majembe kwenda shamba la pamoja. Bibi hakwenda kwa sababu ya umri. Alibaki nyumbani na sisi watoto, na hapo ndipo palipokuwa na shida.

Bibi alikuwa na hasira za karibu mno. Kuku walizijua kabla yetu. Ukiona kuku wametoka uani mmoja mmoja bila kufukuzwa, ujue Bibi ameinuka vibaya, na wewe tafuta pa kwenda. Mwiko uliruka, kata iliruka, siku moja hata kigoda kiliruka. Balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mzima mwenye sauti nzito mkutanoni, akifika kwetu alisimama nje ya ua wa miiba akapiga hodi kutoka kule, akangoja kusikia Bibi anaitikia kwa sauti gani.

Sisi nyumbani tulikuwa na dawa moja tu ya hasira zile, na dawa yenyewe ilikuwa ugoro. Bibi aliutunza kwenye kibuyu kidogo kilichoning'inia shingoni kwa kamba ya ngozi. Akiamka hakutaka uji, alitaka ugoro. Mchana ukimwekea ugali wa uwele na mlenda, anaumegamega, anausukuma kando, ananusa ugoro. Kibuyu kikikaribia kwisha sauti yake ilianza kupanda, na Baba alinituma mbio kwa jirani kuomba wa kumtuliza. Tuliamini hivyo wote, na kwa kweli ulimtuliza kidogo, mpaka ulipomwisha tena. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mwanamke yule alishinda na njaa tangu jua linachomoza, na kwamba sisi wenyewe tulimkimbizia kuni za kuuwashia moto tuliouogopa.

Kisha akazaliwa mdogo wangu wa kiume, akapewa jina la marehemu babu, Ntandu. Kwetu jambo hili si dogo. Mtoto aliyebeba jina la babu ni mume wa bibi. Mimi, kwa kuwa ni mjukuu wa kike, Bibi aliniita mke mwenza tangu nilipozaliwa, na tulitaniana kwa hayo. Lakini mume alikuwa hajapata tangu Babu alipofariki. Alipoletewa kale katoto kamefungwa kwenye kanga, alikaangalia usoni, akasema, "Umechelewa sana kurudi, mume wangu. Nimekula peke yangu miaka yote hii." Mama alicheka. Mimi niliona midomo ya Bibi inatetemeka, nikashangaa, kwa sababu sikujua kwamba midomo ile inaweza kutetemeka kwa kitu kingine zaidi ya hasira.

Desturi ilitaka mume yule alelewe kwenye paja la mke wake. Lakini ilishindikana. Siku ya kwanza Bibi alimpakata akiwa ametoka kunusa. Unga wa ugoro uliobaki vidoleni ulimwingia mtoto machoni na puani, akapiga chafya, macho yakavimba, akalia mpaka sauti ikamkauka. Safari nyingine Bibi alinawa mikono vizuri, akaweka kibuyu mbali, akampakata. Kabla jua halijafika utosini, kiu ya ugoro ikampanda, ndama akapita akiangusha kinu, na Bibi akapiga ukelele ambao nadhani ulisikika hadi shamba la pamoja. Mtoto alikakamaa. Alifungua kinywa kulia na sauti isitoke, akageuka rangi. Mama alikuja mbio, akamchukua, akampuliza usoni mpaka pumzi ikarudi.

Jioni ile Mama alipiga magoti mbele ya mkwewe. Sijawahi kumsikia Mama akizungumza na Bibi kwa maneno marefu kabla ya hapo.

"Mama, nisamehe," alisema akiangalia chini. "Mvua zikianza nitatakiwa shambani. Mtoto huyu siwezi kumweka juani mgongoni kutwa nzima, na hapa siwezi kumwacha. Nimemwomba baba yake niende nikae kwetu Mwankoko mpaka akue kidogo."

Nilimwangalia Baba, naye aliangalia ukuta. Basi nikajua wamekwisha kuzungumza na kwamba Ntandu anaondoka. Nikajikunyata nikingoja kigoda kiruke.

Hakikuruka. Bibi akauliza kwa sauti ndogo, "Mvua zikianza?"

"Ndiyo, mama."

"Basi ngojeni mvua."

Kesho yake asubuhi alivua kibuyu shingoni akakitundika kwenye nguzo ya mlangoni, mahali ambapo kila anayeingia na kutoka lazima akione. Nilimuuliza kwa nini asikitupe kwenye shimo la choo mambo yaishe.

"Nikikitupa nitakitafuta, mke mwenzangu," alisema. "Acha nijue kiko wapi."

Ndugu zangu, nimewaona watu wenye nguvu katika maisha yangu. Nimewaona wanaume wakimwangusha dume la ng'ombe kwa pembe. Lakini sijaona tena kitu kama kile nilichokiona katika kiangazi kile kwa mwanamke mmoja mzee, na bado kinanitia hofu ya heshima nikikikumbuka.

Alianza na uji. Kabla hajamwamkua mtu, kabla hajasema neno, alikunywa uji wa uwele, kata nzima, kwa uso wa mtu anayemeza mwarobaini. Tumbo lake lilikuwa limesahau chakula cha asubuhi. Baadaye alikwenda zizini kukamua, na jua likianza kuchoma alikula tena, na sisi watoto, kwenye sinia moja, saa ileile kila siku, awe na njaa au asiwe nayo. "Nisipokula sasa nitawala nyinyi," alituambia, na hatukujua kama ni utani. Mchana alilala kidogo kwenye baridi ya ndani ya nyumba yetu ya tembe. Jioni alitembea mpaka nyumba ya mwisho ya mstari kumsalimia mwanamke wa rika lake ambaye hakunusa ugoro, wakakaa, akarudi polepole huku anaimba.

Msidhani alikwenda moja kwa moja. Siku za mwanzo tu alishindwa. Tulisikia chafya kutoka zizini, moja ndefu ya raha, na tulipogeuka kibuyu hakikuwapo kwenye nguzo. Akatoka na macho mekundu, akatuona tunamwangalia. Hakufoka. Alikirudisha kibuyu mahali pake, akakaa chini, akafunika uso kwa viganja vyake vikubwa. Nilitamani kucheka nikashindwa. Asubuhi iliyofuata niliamka mapema makusudi nione atafanya nini, nikamkuta ameketi jikoni na kata yake ya uji, anakunywa.

Na hasira je? Hasira alizipeleka kwenye jiwe la kusagia. Ikimpanda, aliinuka bila neno, akajifunga kanga kiunoni, akapiga magoti kwenye lile jiwe, akasaga. Mwanzo jiwe lilikwenda kwa kishindo, mtama unaruka huku na huku. Baadaye mwendo ulipungua, ukawa mlio mmoja mrefu, na unga uliotoka mwishoni ulikuwa laini kuliko ule wa kwanza. Ukiutazama unga kwenye ungo ungeweza kujua hasira ilipanda wapi na ilishuka wapi.

Matokeo yake tulikuwa na unga usio na idadi. Baba alilalamika kwamba kapu la mtama linakwisha kabla ya wakati. Ndipo majirani, ambao hawakuwa wajinga, wakaanza kuleta mtama wao. Watoto wenzangu walinisimamisha njiani wakaniuliza kwa adabu, "Bibi yako ameamkaje leo? Mama ana debe la kusaga." Nikisema ameamka vibaya walifurahi wakakimbia kwao kwenda kuchukua ungo. Sijui kama kuna kijiji kingine cha ujamaa ambacho hasira za bibi mmoja zilikuwa mali ya wote.

Mawingu yalianza kujikusanya. Mama alikwisha kufunga kanga zake na nepi za mtoto katika bunda moja, akaliweka karibu na mlango, chini ya kile kibuyu. Bibi alipita hapo kutwa, akaviona vyote viwili. Matone ya kwanza yaliponyesha, vumbi likatoa ile harufu tamu ya ardhi iliyolowa, na sote tukaliangalia lile bunda.

Asubuhi ya pili ya mvua zile Mama alikuwa anakwenda kuchota maji. Alisita na ndoo mkononi. Bibi alikuwa amekwisha kunywa uji, amenawa, ameketi kwenye ngozi barazani, na mbele yake palikuwa na ungo mkubwa wa unga aliousaga tangu alfajiri. Hakuomba. Alinyoosha tu mikono. Mama alimwangalia, akamfungua Ntandu mgongoni, akamweka kwenye paja lile. Kisha akaenda, akigeuka nyuma kila hatua.

Mimi nilikuwa mlangoni mwa jiko nikichambua mboga. Nikamwona mbuzi wa balozi, beberu mmoja mwenye ndevu na tabia mbaya, anaingia uani kama mgeni aliyealikwa. Kabla sijainuka amekwisha kutia pua kwenye ungo, akapiga chafya kwa kuingiwa na unga, akauvuta ungo kwa pembe, na kazi yote ya asubuhi ikamwagika kwenye tope.

Kuku waliinua vichwa. Mmoja alianza kutoka uani. Niliona mishipa ya shingo ya Bibi inasimama, nikaona kifua kinajaa, kinywa kinafunguka. Jiwe la kusagia lilikuwa mbali, na mtoto alikuwa pajani, macho wazi, anamwangalia usoni.

Bibi akaanza kuimba.

Ilikuwa sauti ya kubembeleza mtoto, ya chini, ya taratibu, na mwili ukiyumba nayo. Lakini maneno, jamani, maneno! Kwa Kinyaturu, katika sauti ile tamu, alimtukana yule beberu, akamtukana mama yake aliyemzaa, akamtukana balozi aliyeshindwa kumfunga, akamwelezea mumewe mchanga jinsi watakavyomchuna mbuzi ngozi na nani atakula sehemu gani. Jasho lilimtoka. Sauti haikupanda hata kidogo. Ntandu alimtazama kwa makini kama mtu anayepewa habari muhimu, akatabasamu kwa ufizi wake mtupu, akapiga miayo, akalala.

Mama alikuwa amekwisha kurudi. Sijui alisimama pale kwenye ua kwa muda gani na ndoo kichwani, maji yakimchuruzika shavuni. Kama yalikuwa maji peke yake, sijui. Alimfukuza mbuzi kimyakimya, akatua ndoo, akaingia ndani. Nilimfuata. Nikamkuta amepiga magoti, anafungua bunda, anarudisha kanga moja moja kwenye kamba.

Kwa miaka mingi niliisimulia habari hii kama habari ya ushindi wa siku moja. Niliamini Bibi aliiua ile kiu asubuhi ile, kama unavyoua nyoka, na baada ya hapo akakaa kwa amani. Mpaka nilipokuwa mwenyewe mama wa watoto, mwenye hasira zangu za kurithi, nikaenda kumsalimia. Alikuwa mzee sana, haoni vizuri. Tulikaa barazani. Ntandu, kijana mrefu sasa, alikuwa zizini anakamua, tunamsikia akiongea na ng'ombe.

"Bibi," nilimuuliza, "hivi ugoro uliuachaje?"

Alinigeukia kama mtu aliyeulizwa jambo la kipumbavu.

"Nani kakwambia nimeuacha? Leo asubuhi niliutaka. Jana niliutaka. Nimekunywa uji, nikautaka tena."

Akanishika mkono, akanivuta karibu, akateremsha sauti ili isifike zizini.

"Ila usimwambie mume wangu, mke mwenzangu. Anadhani hana mpinzani."

Sikumwambia, na Bibi amekwisha kuzikwa. Ntandu ana wajukuu sasa, na mpaka leo hajui kwamba kila siku aliyolelewa kwenye paja lile, kuna mtu aliyeamka kwanza, akamchagua upya.