Picha ya Kifua cha Mbwa wa Mama

Mbwa wa mama alianza kukohoa majuma machache baada ya wao wawili kufukua banda la zamani la kuku, nyumbani kwetu Kisian. Mama alitaka mbolea ya sukuma wiki. Yeye alichimba kwa jembe, mbwa kwa makucha, na vumbi likawafunika wote. Tulidhani mbwa amekwamwa na mfupa. Kisha akaacha kula, akakonda mpaka mbavu zikatokeza, nikampeleka Kisumu mjini, mama akifuatana nasi.

Daktari wa mifugo alimlaza ubavu juu ya meza ya eksirei. Mimi nikavalishwa aproni nzito ya kukinga mionzi, nikashika miguu.

"Usimwache asogee. Nangoja avute pumzi, ndipo nipige."

Lakini pumzi zilikuwa fupi fupi, za mbio. Nilimgandamiza huku nikiogopa kwamba nitamziba pumzi kwa mikono yangu.

Picha ilipotokea kwenye kompyuta, hata mimi nisiyejua kitu nilijua ni mbaya. Mapafu yenye hewa huonekana meusi, daktari alisema. Haya yalijaa vitone vyeupe, kama chenga za mchele zilizomwagika.

"Ni kansa?"

"Inaweza kuwa. Au TB. Au kuvu wa udongoni. Picha peke yake haitoshi, nitatoa majimaji kwenye tezi niyapime." Akanitazama. "Amefukua mahali penye mavi ya kuku, au ya popo?"

Nikamweleza habari za banda.

"Alikuwa na nani?"

Niligeuka nyuma. Mama alikuwa kwenye benchi karibu na mlango, leso mdomoni, akikohoa. Kikohozi hicho nilikuwa nimekisikia siku kadhaa nikakiita mafua.

"Kama ni kuvu, mbwa hakumwambukiza," daktari akasema. "Ila vumbi wamelivuta pamoja. Mama, nenda hospitali nawe upigwe picha."

"Mimi si mbwa," mama akamjibu.

Garini ndipo aliposema, akiangalia nje: "Baba yako alipigwa picha moja tu, nyathina, mwanangu. Hakurudi nyumbani."

Niliwasha gari, tukarudi Kisian.

Nilimbembeleza wiki nzima kabla hajakubali. Alipoingia chumba cha picha nilibaki kwenye korido nikiomba, nikisahau maneno ya sala niliyoyajua tangu utotoni. Daktari wa hospitali alipotuita alituonyesha doa dogo upande wa kulia. Kifua kinajiponya chenyewe, alisema, lakini arudi aangaliwe tena.

Kwa mbwa, kipimo kilionyesha kuvu. Alimeza dawa kwa miezi mingi, mama akiificha ndani ya donge la ugali na omena. "Meza, wewe! Usinichezee." Picha ya pili ilionyesha vitone vimepungua, havijaisha.

Banda tulililowesha maji, tukalifukia kwa udongo. Mama anasema nimezidisha woga. Labda. Lakini mmoja wao akikohoa uani, naacha sufuria jikoni na kusimama kimya, nikisikiliza kama atakohoa tena.