Siku Nne Zilizofutika Kwenye Seva

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufunguo wa chumba kidogo katika nyumba moja ya Kilibula, hapa Uvira. Ofisi yetu ilitafuta watu waliopotezana na jamaa zao wakati wa vita. Shefu wa Informatiki, mzee mkali mwenye sauti ndogo, alinionyesha seva, yaani mashine kubwa iliyotunza fishi, kumbukumbu za watu hao, kutoka ordinateri (kompyuta) zote, na pembeni yake diski ya kopi.

"Siku ya yenga, watu wakiwa kanisani, inachukua kopi ya vyote," akasema. "Siku zingine inachukua tu vile vimebadilika. Kukiharibika, unarudisha kwanza ile ya yenga, kisha za siku, moja moja. Usiruke. Umesikia, weye?"

"Nimesikia, Shefu."

Baada ya miaka mitatu nilipelekwa posti, ofisi yetu ndogo ya Sange, kufunga antena na kupangusa vumbi la mpunga kwenye mashine. Kisha Lemera, ambako betri zilipandishwa mgongoni kwa njia za miguu. Niliporudi Uvira, Shefu alikuwa amestaafu, na ufunguo ukawa wangu peke yangu.

Ijumaa moja asubuhi umeme ulirudi kwa nguvu, ukaunguza seva. Diski ya kopi ilipona. Mama Direktris akasimama mlangoni.

"Watu wamejaa inje. Itakamata muda gani?"

"Mpaka saa nane, Mama."

"Saa nane? Rudisha sasa hivi!"

Nikarudisha kopi ya Jumapili peke yake kwenye seva ya akiba. Ordinateri zikafunguka, maajenti wakaanza kuandika. Nikajiambia siku nne zilizobaki nitaziongeza watu wakishaondoka. Jioni nikakuta seva imeshapiga kopi mpya, na ili kupata nafasi kwenye diski imefuta za zamani, zile za siku nne zikiwemo. Mimi ndiye niliyekuwa nimeiamuru ifanye hivyo.

Jumatatu akaja Mama Josiane, mkulima wa uwanda wa Ruzizi, na gauni jipya la mtoto mkononi. Jumatano iliyopita alikuwa ameambiwa kwamba binti yake aliyepotea ameandikishwa Lemera. Ajenti akatafuta. Ombi la mama lilikuwepo, jibu halikuwepo.

"Mulisema mutoto iko Lemera," akasema. "Iko kwa nani?"

Nikapanda Lemera. Ajenti wa kule aliandika moja kwa moja kwenye mashine, bila karatasi. Alimkumbuka msichana, hakukumbuka kijiji. Tulitembea milima siku sita, mpaka mwanamke mmoja akatuambia kwamba familia iliyomlea imehama, na hajui imeelekea wapi.

Nikarudi kumwambia Mama Josiane. Alilikunja gauni lile, akalikunjua, akalikunja tena.

"Sasa muliniambia kwa nini?"

Ripoti ya Direktris ilisema umeme ndio ulioharibu, na watu wakaambiwa hivyo. Nikaisaini.

Nilipostaafu nilisifiwa, nikapewa na barua nzuri. Mwaka jana nilimkuta Mama Josiane sokoni Sange akiuza muhogo. Alinitambua, akaniuliza hali ya nyumbani, kisha akanishika mkono.

"Usijilaumu, papa. Ile ni umeme."

Nikanunua muhogo, nikaondoka. Vijana mnaoshika ufunguo leo, kopi mtafundishwa vizuri kuliko sisi. Mimi nimebaki na neno moja tu, ambalo lilinishinda kulisema pale sokoni: haukuwa umeme.