Dawa Moja na Mama Mkwe

Nyumba yangu ya Kinoo niliijenga kwa jasho la Doha, ambako nilianza kwa kutandika vitanda hotelini nikarudi nikiwa msimamizi wa orofa nne. Diploma yangu iko ukutani, sebuleni. Sikuwahi kufeli mtihani. Ndiyo maana daktari wa Parklands aliponiambia mayai yangu hayapevuki, nilimwomba arudie.

Aliniandikia metformini, dawa ya sukari. "Huna kisukari," alisema, "lakini inaweza kutuliza homoni, yai likapevuka." Nikameza miezi mitano, tumbo likinichafuka, nikihesabu siku.

Kisha mama mkwe akaja kututembelea kutoka Kakamega. Yeye ana sukari na humeza dawa hiyo hiyo, na siku ya pili tu aliona pakiti yangu kando ya birika.

"Kumbe na wewe!"

Ningemweleza. Lakini nilijua mgonjwa wa sukari huonewa huruma, asiyezaa hujadiliwa. Nikamwacha aamini hivyo. Kufikia jioni ukoo mzima ulikuwa umeniombea kwa simu, na chai yangu ilikuja bila sukari.

Jumamosi alfajiri, mume wangu akiwa ameshaenda kazini, aliniita mezani kabla sijaonja kitu. Mbele yake palikuwa na mashine yake ya kupimia damu.

"Lete kidole, madam wa Doha."

Akanidunga. Tukangoja. Tano nukta moja.

Alivaa miwani, akaitazama tena ile namba. "Mimi nimemeza hizi tembe miaka kumi, sijawahi kuona namba nzuri hivi. Wewe huna sukari. Unaficha nini kwa nyumba ya mtoto wangu?"

"Nyumba ni yangu, mama," nilisema, na papo hapo nikaona aibu.

Basi nikamwambia yote: mayai, homoni, ile miezi mitano. Nilimtazama mkono, nikingoja achukue simu. Hakuichukua.

"Na siku zako?" aliuliza polepole.

"Zimechelewa siku tisa. Lakini mimi huchelewa. Na hiki kichefuchefu ni cha dawa."

"Umepima?"

Kipimo cha mimba kilikuwa kwenye mkoba wangu tangu Jumatano, hata karatasi yake sijaipasua. Mimi, nisiyeogopa mtihani.

"Nitapima kesho asubuhi, mama."

"Asubuhi ndiyo hii," alisema, akasogeza kiti chake ili nipite.